Kijana amemaliza kidato cha nne, tumwandikie nini?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka na shangwe ikapungua, ofisi yetu hujaa vijana. Kila mmoja ana bahasha ya kaki kwapani, na wengine wamesindikizwa na mama zao. Neno ni moja tu: "Tusaidieni kazi." Nasi tukiuliza, "Una nini cha kumwonyesha tajiri?" inatoka karatasi ya matokeo, inatoka hati ya kumaliza shule, inatoka barua ya chifu. Basi. Mtu wa miaka kumi na tisa, maisha yake yote ni karatasi tatu, na hakuna hata moja inayosema anaweza kufanya nini.

Mara hii tunawaandikia nyinyi wanachama wa vikundi, wala si vijana peke yao. Huenda mwingine akasema, "Sisi ni wa kuweka akiba na kufuga kuku, mambo ya kuandika kazi yanatuhusu nini?" Hebu tuangalie hesabu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 walikuwa watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Katika kila vijana wanne, mmoja tu. Wale watatu hawakupotea, wako nyumbani kwenu. Wengine wao watakwenda vyuo vya ufundi, lakini hata hao watahitaji kibarua cha kutafuta karo. Na karo ya sekondari mliyowalipia wengi wenu mliitoa kwenye mkopo wa kikundi, na kuna ambao mpaka leo mnalipa.

Karatasi ya kununua

Binti mmoja wa hapa kwetu alikwenda saiba ya sokoni akalipa shilingi 150 ili aandikiwe sivii, ile karatasi ya wasifu ambayo waajiri huiuliza. Yule kijana wa saiba hakumwuliza maswali. Alikuwa na moja tayari kwenye kompyuta, akafuta jina la mtu wa jana, akaweka la binti, akachapisha. Ilikuwa karatasi ya kupendeza kweli, kurasa tatu, ina mistari ya rangi. Ilisema kwamba yeye ni mtu wa kujituma sana, anajua kompyuta, na wakati wa mapumziko hupenda kusafiri na kuogelea.

Akaipeleka kwenye duka moja la jumla mjini. Meneja aliisoma, akamtazama, akamwuliza kwa upole, "Unaogeleaga wapi?" Mto wetu hukauka Januari, na hata ukiwa na maji ni ya magoti. Binti alikosa la kujibu. Halafu meneja akamketisha mbele ya kompyuta. Hapo ndipo mambo yaliisha.

Alipokuja kwetu alikuwa bado analia. Tukamwuliza tangu amalize shule amekuwa akifanya nini. "Hakuna. Nilikuwa tu nyumbani." Tukasubiri. Pole pole ikatoka kwamba mama yake ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake ishirini na wanne, na kwa kuwa mama haoni vizuri, binti ndiye aliyekuwa akiandika daftari kila Alhamisi: hisa, mikopo, faini za waliochelewa, na masalio kwenye kisanduku. Miaka miwili. Tukauliza kama hesabu ziliwahi kupotea. Akasema mara moja shilingi 200, akazitafuta mpaka usiku, kumbe mama mmoja aliandikwa mara mbili.

"Sasa hiyo mbona hukuiandika?"

"Ile si kazi. Nilikuwa namsaidia mama."

Hili jibu tunalisikia kila wiki. Vijana wetu wameamini kwamba kazi ni ile ya mshahara na ofisi, na kwamba ya nyumbani au ya kikundi haihesabiwi. Basi wanaacha ukweli wao nyumbani na kwenda kununua uongo wa mtu mwingine kwa shilingi 150.

Kumwuliza vizuri

Kazi ya kwanza ya kuandika wasifu si kuandika, ni kuuliza. Kijana mwenyewe hawezi kujiuliza, maana yote aliyoyafanya anayaona ya kawaida. Keti naye, mzazi au mwanachama mwingine mwenye subira, na umwulize kwa lugha yenu ya nyumbani: Asubuhi ulikuwa ukifanya nini? Ni ng'ombe wangapi? Lita ngapi? Nani alikuwa akipokea pesa za maziwa? Usipokuwepo nani aliona pengo? Uliwahi kufundisha watoto wa jumuiya? Ulikuwa kiranja wa nini shuleni? Uliwahi kukaa dukani kwa mjomba, na uliachiwa ufunguo?

Tafuteni namba na tarehe. "Nina uzoefu wa kilimo" ni maneno ya hewa. "Tangu Machi 2023 nimetunza ng'ombe wawili wa maziwa, nakama na kupeleka lita kumi na mbili kila asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, na kuweka rekodi" ni jambo ambalo mtu anaweza kuliona kwa macho. Mwenye agroveti akilisoma hilo anajua kijana huyu ataelewa mkulima anapoingia dukani akiuliza dawa ya kupe. Vivyo hivyo aliyekuwa akihudumu hotelini wakati wa likizo, aliyesaidia kuandikisha watoto siku ya chanjo, aliyebeba mawe ya kujengea zahanati. Hata kubeba mawe kuna cha kusema, ikiwa alikuwa ndiye anayehesabu mizigo.

Wavulana wengi wamejifunza ufundi kando ya barabara bila chuo: kuchomelea vyuma, kurekebisha pikipiki, kuweka nyaya za umeme. Huyo asiandike kwamba ni fundi wa cheti ikiwa hana cheti. Aandike alijifunza kwa nani, kwa muda gani, na ametengeneza nini. Halafu mwelekezeni kwenye mtihani wa ufundi wa NITA, ambao una gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Aliyejifunzia karakana ya mjomba anaweza kuufanya, si lazima awe amekaa darasani. Na tusidhani shida hii ni ya leo. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti ambayo kichwa chake kiliuliza, baada ya shule, je? Ni katika jibu la swali hilo ndipo zilipoanza zile polytekniki za vijiji, ambazo leo ni vyuo vya ufundi chini ya serikali za kaunti. Waliouliza wakati ule ni wazee sasa, na wajukuu wao ndio hawa wenye bahasha.

Mkishapata majibu, karatasi yenyewe ni rahisi. Kwa mtu wa kidato cha nne ukurasa mmoja unatosha, wa pili ukizidi sana. Juu kabisa jina kamili, sanduku la posta, namba ya simu. Hiyo simu iwe yake au ya mtu wa nyumbani ambaye atapokea kwa adabu. Tumeona kazi ikipotea kwa sababu mwajiri alipiga simu ikapokelewa na rafiki aliyekuwa kwenye kelele za muziki. Barua pepe iwe ya jina lake, wala si lile jina la utani la shuleni. Kisha elimu, akianza na ya karibuni. Kisha kazi na majukumu aliyoyafanya, na hapa ndipo aandike kwa kirefu. Kisha lugha anazozijua na ujuzi mwingine, kisha watu wawili au watatu wa kuulizwa habari zake, ambao ameomba ruhusa yao kwanza. Dini, kabila, jina la baba na uzito wa mwili havihitajiki, hata kama karatasi ya saiba ina nafasi zake.

Waajiri wengi hutaka iandikwe kwa Kiingereza. Msiogope. Iandikeni kwanza kwa Kiswahili mpaka ikamilike, kisha mpeni mwalimu wa shule iliyo karibu aigeuze kwa Kiingereza chepesi. Kijana aisome kwa sauti. Neno lolote asiloweza kulieleza kwa kinywa chake litolewe, maana ndilo atakaloulizwa.

Na alama je? Wengi huja na D+ wakitaka kuificha, na kuna mzazi mmoja aliyetuuliza kwa sauti ya chini kama haiwezi "kurekebishwa kidogo". Haiwezi. Mwezi wa pili mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi wa serikali zaidi ya 2,000 waligunduliwa kuwa na vyeti bandia. Wengine wa namna hiyo wamepelekwa mahakamani na kuamriwa kurudisha mishahara waliyokula miaka mingi. D+ iliyo ya kweli haimfungi mtu. Iandikwe mahali pake, mstari mmoja, na macho ya msomaji yaelekezwe kwenye daftari la Alhamisi.

Barua ya kikundi

Hapa tuna la kukiri. Kwa miaka kadhaa ofisi yetu ilikuwa na barua moja ya kumpendekeza mtu. Tulikuwa tukiacha nafasi ya jina, tunajaza, tunapiga muhuri. "Tunamfahamu fulani kuwa mwenye bidii, mwaminifu na mwenye tabia nzuri. Msaada wowote atakaopewa tutashukuru." Tuliona tunafanya wema. Siku moja tulimtembelea mwajiri mmoja kwa shughuli nyingine, akafungua mtoto wa meza akatoa barua tano, zote za kwetu, zote sawasawa neno kwa neno. Hakusema kitu, alicheka tu. Tulirudi tukiwa tumenyamaza ndani ya gari.

Barua ya namna ile haimdhuru mtu lakini haimsaidii, kwani haisemi kitu ambacho hakiwezi kusemwa juu ya mtu mwingine yeyote. Chifu hawezi kumjua kila kijana wa lokesheni. Padre naye hawezi. Nyinyi mnaweza, kwa sababu mmemwona akifanya kazi. Kwa hiyo andikeni mlichokiona. Kwa yule binti tuliketi na mwenyekiti na katibu wa kikundi cha mama yake, tukaandika hivi:

"Sisi ni kikundi cha wanachama 24. Kwa miaka miwili binti huyu aliandika daftari letu la akiba kila Alhamisi saa nane mchana. Alipokea na kuhesabu pesa mbele ya wanachama na kuandika mikopo na malipo. Katika muda huo alikosa mikutano miwili, na mara zote mbili alitutumia habari mapema. Mwisho wa mwaka hesabu zake zilikaguliwa na wanachama watatu zikatoshana. Tungempa kazi hii tena. Ukitaka kuuliza zaidi, piga simu kwa mwenyekiti."

Haina neno "mwaminifu" hata mara moja. Mstari unaouma kidogo ni ule wa mikutano miwili aliyokosa. Katibu alitaka tuufute. Tukaona ubaki, kwa maana barua yenye kasoro ndogo ya kweli huaminiwa kuliko ya malaika.

Tunaomba pia msiandike barua kwa kijana msiyemjua kwa sababu tu mama yake ni mwanachama. Ni vigumu, tunajua, mtakutana kisimani kesho. Badala ya kumnyima, mpeni kazi ya kikundi kwa miezi mitatu: kuandika kumbukumbu za mikutano, kuhesabu mayai, kuangalia kitalu cha miche. Mkiweza mpeni marupurupu kidogo. Baada ya hapo mtakuwa na la kuandika, au hamtakuwa nalo na yeye mwenyewe atajua sababu.

Majina na hati

Hili tunalipitia haraka lakini limewaangusha wengi. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye hati ya KCSE na kwenye kitambulisho liwe moja, herufi kwa herufi. Kuna mtoto alibatizwa jina likaandikwa namna moja, mwalimu akaliandika namna nyingine, na kwenye kitambulisho akaongezewa jina la babu. Kurekebisha huchukua miezi. Anzeni kabla kazi haijatangazwa.

Hati halisi ya mtihani asipewe mtu yeyote abaki nayo, awe mwajiri au wakala. Apewe nakala. Na ikiwa hati bado imo shuleni kwa sababu ya salio la karo, jueni kwamba Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 hairuhusu shule kuizuilia. Deni ni deni, litalipwa, na ni vizuri kukubaliana na mwalimu mkuu kwa heshima namna ya kulipa kidogo kidogo. Lakini hati si rehani. Akikataa, nendeni kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, na mwende wawili au watatu.

Halafu kuna gharama ambazo vijana hulipa mapema bure. Wanaambiana kwamba bila cheti cha tabia njema cha polisi na vile vya kutodaiwa, huwezi hata kuandika maombi. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kudai hati za namna hiyo mpaka awe anakusudia kuingia mkataba wa maandishi na huyo mtu. Kwa hiyo pesa hizo zikae mfukoni mpaka kazi ipatikane. PIN ya ushuru yenyewe hutolewa bila malipo. Ukilipa saiba, unalipa mikono ya kijana wa saiba.

Kukanyaga lami

Vijana wetu wakisema wanatarmaki, wanamaanisha Nairobi: kulala kwa binamu, kuzunguka eneo la viwanda, nauli mpaka iishe. Hatuwakatazi. Lakini tajiri wengi wadogo hawatangazi kazi gazetini kamwe. Mwenye agroveti, mashine ya posho, kituo cha petroli, duka la vifaa vya ujenzi, ushirika wa maziwa, shule ya kibinafsi inayotafuta karani, hao huuliza tu, "Mnamjua kijana mzuri?" Na wanawauliza nyinyi. Kwenye mkutano wenu pigeni hesabu: kati ya wanachama wote, mnanunua vitu kwa watu wangapi, mnauza kwa wangapi? Andikeni majina hayo kwenye karatasi. Kikundi kimoja cha wanawake kumi na wanane kilipata majina arobaini na moja, na hakuna kijana wao hata mmoja aliyekuwa amewahi kuingia humo na karatasi mkononi.

Aende asubuhi, amevaa nguo safi iliyopigwa pasi, si lazima iwe mpya. Aulize mwenyewe yuko saa ngapi. Asiache karatasi kwa mlinzi ikiwa anaweza kurudi. Aseme kwa maneno machache: jina langu ni fulani, natoka mahali fulani, nimekuwa nikifanya hiki, ningeomba kujaribiwa wiki mbili. Na awe na kijitabu cha kuandika alikokwenda, tarehe na alichoambiwa. Asiyeandika husahau kurudi. Kazi za serikali ya kaunti hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na mara nyingi tangazo hubandikwa ofisi ya kaunti ndogo. Mchagueni mwanachama mmoja wa kupitia pale kila wiki akienda sokoni. Wakati wa uchaguzi mkuu au hesabu ya watu, kama ile ya Agosti 2019, vijana wengi huajiriwa ukarani kwa muda, na hizo siku chache zikiandikwa vizuri ni uzoefu kamili.

Akipata kazi ya miezi mitatu au zaidi, sheria inataka mkataba uwe wa maandishi. Aombe nakala yake, bila ugomvi.

Wanaouza kazi

Pesa nyingi za vikundi zimepotelea hapa. Kuna baba mmoja aliuza ng'ombe ili mtoto aingie jeshi. Aliyepokea pesa alimpa barua ya kuitwa, ina nembo na muhuri, na kijana akafika kambini na sanduku lake la mbao, akaambiwa barua ni bandia. Uandikishaji wa jeshi, polisi na NYS ni bure, na matangazo yenyewe husema hivyo. Anayesema "kuna nafasi mbili zimebaki, tuma leo kwa simu" hana nafasi hata moja.

Kwa kazi za Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, wakala lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na orodha ya waliosajiliwa inaonekana kwenye mtandao wa mamlaka hiyo. Kabla kikundi hakijatoa mkopo wa "kushughulikia kazi", mwombaji alete jina la wakala na mwenzenu mmoja aliangalie kwenye orodha. Lisipoonekana, mkopo usitoke, hata kama mama analia. Ni afadhali alie Alhamisi hii.

Yule binti wa daftari alipeleka karatasi yake mpya, ukurasa mmoja usio na rangi, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mwenyekiti wa kikundi alipigiwa simu siku ya tatu, akiwa shambani, akajibu maswali kwa dakika kumi. Binti anaandika lita za wakulima kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mshahara si wa kusifiwa, lakini Ijumaa iliyopita alikuja kuuliza kuhusu masomo ya jioni ya uhasibu.

Tutakapofika kwenye mikutano yenu mwezi ujao, kila kikundi kilete kijana mmoja au wawili na daftari la kikundi la mwaka mzima. Karatasi na kalamu tutakuja nazo.